Maziwa Yaliyosubiri Getini

Tanki la maziwa likijaa hadi juu hutulia. Likiwa nusu ndilo linalosumbua, kwa sababu ukishika breki maziwa hukimbia mbele na kukusukuma kama mtu mwenye haraka nyuma yako kwenye foleni. Asubuhi ile lilikuwa limejaa, nami nilishuka kutoka Kaptagat polepole, dirisha wazi, harufu ya misonobari na udongo uliolowa ikiingia pamoja na baridi. Wakimbiaji walikuwa wakipanda kilima upande wa pili wa barabara, wamenyamaza, pumzi zao zikionekana. Niliwapungia mkono kama kawaida, nao kama kawaida hawakujibu. Mtu anayepanda kilima kile mbio hana mkono wa ziada.

Kazi hii niliipata baada ya kuzunguka sana. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka Eldoret na lori la kwanza lililonikubali kama utingo, na tangu hapo nimelala Malaba, nimelala Juba, nimekaa Mombasa mpaka nikaanza kulalamikia baridi ya Nakuru. Nikiwa mbali natamani Eldoret, nikiwa Eldoret natamani barabara. Tanki la maziwa lilinifaa kwa sababu linazunguka lakini halipotei. Siku moja Kaptagat, siku nyingine Turbo, na jioni narudi chumbani kwangu mtaa wa Huruma, namsikia jirani akigonga mabati, najua nimefika.

Kiwanda chetu kina sheria ambayo hata wenye kiwanda hawaivunji: maziwa hayaingii tanki kuu la kiwanda bila ripoti ya usiku. Wakulima huleta maziwa yao kituoni, yakamwagwa kwenye pipa kubwa la chuma linalopoza, yakalala humo mpaka nije. Ubaya ni kwamba maziwa yaliyopata joto usiku kisha yakapozwa tena asubuhi hukudanganya. Ukiyapima getini ni baridi, yananukia vizuri, na siku ya pili yanaganda ndani ya pakiti dukani. Kwa hivyo kila pipa lina kifaa kinachopima baridi usiku kucha na kutuma vipimo kwenye kompyuta ya kiwanda. Kule kuna programu inayovipanga kuwa ripoti. Dada wa maabara anaitazama ripoti, anaridhika, ndipo anafungulia pampu.

Ripoti hiyo ilisomeka hata kwenye simu, na tulioililia ni sisi wenyewe, madereva na wasimamizi wa vituo. Kule msituni hakuna ofisi, kuna simu tu, na mtu aliyekesha na maziwa anataka kujua yamepokelewa. Tulilalamika kila mkutano mpaka kiwanda kikaiweka ripoti mahali ambapo simu yoyote ya dunia hii ingeifikia, mradi uwe na neno lako la siri. Maneno yenyewe tuliyachagua kama watu wa maziwa wanavyochagua. Kila mtu aliweka jina la ng'ombe wake.

Kituo cha Kaptagat kinasimamiwa na mama mmoja wa umri wa kunizaa, mfupi, mwenye gamubuti nyeupe na sauti inayovuka bonde. Msimu uliopita maziwa ya kituo chake yalimwagwa, tanki zima, jenereta ilipokataa kuwaka usiku. Nilikuwepo. Yalipita kwenye mfereji wa nyuma ya kiwanda yakielekea shimoni, meupe, na mbwa wa mlinzi hakuamini bahati yake. Baada ya siku ile wakulima wengi wa kituo walianza kuwauzia wachuuzi wanaopita na pikipiki. Waliobaki walimwambia Mama waziwazi kwamba yakimwagwa tena nao wataondoka. Alikuwa amekijenga kituo kile kutoka kibanda cha mbao, na asubuhi ile aliponifungia kifuniko cha tanki macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hakulala. Sikumuuliza.

Nilipofika kiwandani dada wa maabara alinipungia nisimame kabla sijafika kwenye bomba la kupokelea maziwa.

"Egesha hapo kando."

"Kuna nini?"

"Ripoti hakuna."

"Yangu?"

"Ya kila mtu. Madam wa kompyuta amefunga kila kitu asubuhi hii."

"Amefunga kwa nini?"

"Mimi nitajuaje? Mimi ni wa maziwa." Alitazama juu, mahali ambapo jua lilikuwa limeshatoka nyuma ya ukuta. "Nenda umwambie tanki lako linaota jua. Pengine wewe atakusikia. Mimi nimechoka kupiga simu."

Nilikuwa sijawahi kuingia chumba cha kompyuta. Kiko nyuma ya uhasibu, hakina dirisha, na ndani kuna baridi kuliko Kaptagat. Nilivua gamubuti mlangoni, nikaingia na soksi. Madam alikuwa amesimama, hajakaa, mbele ya kabati refu la mashine zenye taa ndogo za kijani. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa upande wa Ziwa Viktoria, mpole kwa kawaida, anayependa kututania sisi wa tanki kwamba tunanuka kama watoto wachanga. Mkononi alikuwa ameshika waya wa buluu uliochomolewa, kama mtu aliyemshika nyoka shingoni. Meneja alikuwa nyuma yake.

"Nusu saa tu," meneja alikuwa akisema. "Fungua nusu saa, tupokee maziwa, ufunge tena."

"Hapana, boss."

"Dakika kumi."

"Boss, hii si duka la kinyozi."

Meneja aliniona, akanifanya shahidi. "Unaona? Huyu hapa ana tanki zima. Mwambie mwenyewe."

Madam alinigeukia. Nilitarajia aniambie nitoke. Badala yake aliweka waya mezani na kunivutia kiti.

"Mzee, kaa. Nikueleze wewe, boss naye asikie tena, labda mara hii itaingia."

Akanieleza. Watengenezaji wa ile programu ya ripoti, watu wa ng'ambo, walikuwa wametoa onyo alfajiri. Kulikuwa na kosa mahali ambapo programu inatakiwa kumuuliza mtu yeye ni nani kabla ya kumruhusu. Mtu akibisha hodi kwa namna fulani, programu haikuuliza chochote. Ilimpokea kama mkubwa wa mfumo wote, ikampa funguo zote. Kiraka cha kuziba kosa hilo kilikuwa bado kinapikwa huko kwao.

"Lakini tuna maneno ya siri," meneja alisema. "Langu ni gumu."

"Ni ng'ombe?"

"Ni ng'ombe wa mama yangu."

"Hata ungeweka zizi lote, boss. Huyu mtu hapiti mlango wa maneno ya siri. Anapita kando."

Kisha akanionyesha. Alichukua kompyuta yake ndogo, akaiunganisha moja kwa moja na ile mashine kwa waya mfupi, dunia ya nje ikiwa imekatwa. Aliandika mstari mmoja, nami nilitazama vidole vyake. Hakuandika jina lake wala neno la siri. Alibonyeza, na ukurasa ukafunguka, na juu kabisa palionyesha kwamba aliyeingia ndiye mkuu wa mfumo. Chini yake kulikuwa na vituo vyote, kutoka kile cha msituni mpaka kile cha Turbo kando ya ghala za mahindi. Palikuwa na lori langu, na kila mahali nilipolisimamisha. Palikuwa na namba yangu ya simu.

Nimepita mipaka mingi, na kila mpaka palikuwa na mtu wa kuniuliza, hata kama aliuliza akiwa nusu usingizi na chai mkononi. Malaba kulikuwa na askari aliyetutambua madereva kwa kikohozi, na bado alituuliza. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali unaweza kuingia ukawa mkubwa wa nyumba kwa sababu tu hakuna aliyekuuliza.

"Na kuna mtu ameingia?" niliuliza.

Alifungua ukurasa mwingine, mistari na mistari ya namba ikipanda bila kwisha. "Hawa ni waliobisha tangu alfajiri, kabla sijachomoa waya."

Kila mstari alioubonyeza ulimpa jina la mji. Niliinama karibu. Ilikuwa miji niliyoijua kutoka bandarini Mombasa, nilipokuwa nikipakia, majina yaliyoandikwa ubavuni mwa makontena. Miaka ile nilikuwa nikiyasoma polepole na kutamani kufika. Nilidhani ningezeeka kabla ya kuona hata mmoja. Na sasa ilikuwa imekuja yenyewe, yote kwa pamoja, ikibisha kwenye kiwanda cha maziwa Eldoret, wakati mimi nikishuka kilima na dirisha wazi na kufikiria chai.

"Wanataka maziwa yetu?" meneja aliuliza, na hakuwa akitania.

"Hawajui hata sisi ni nani, boss. Ni mashine zinazobisha kila mlango ulimwenguni. Ukifunguka, ndipo wanatazama kilichomo."

"Na wetu ulifunguka?"

"Hiyo ndiyo natafuta. Wamebisha, hilo naliona. Kama kuna aliyeingia, bado sijui. Kama aliingia, angeweza kubadilisha chochote, pamoja na vipimo vya usiku." Alimtazama meneja. "Ndiyo maana hata nikifungua hiyo nusu saa yako, ripoti utakayoisoma siwezi kukuapia ni ya kweli. Utamwaga maziwa mazuri ama utapokea mabaya, na hutajua."

Nilifikiria pipa la Kaptagat. Nilifikiria mfereji wa nyuma. Nikasema kwamba lile pipa lenyewe lina kioo kidogo ubavuni kinachohifadhi vipimo vya usiku hata kama mtandao haupo, mafundi walituonyesha walipoliweka. Madam alisimama papo hapo. Alisema analijua hilo na ndilo alilokuwa anataka kulifanya, ila alikuwa amekwama kwa jambo dogo.

"Namba za simu za vituo zimo humu humu," alisema, akigonga kabati. "Kama mtu aliingia na kubadilisha namba ya Mama, nitapiga na nitaongea na mwizi, aniambie baridi ilikuwa nzuri sana."

Nadhani wakati huo ndipo meneja naye aliona ukubwa wa jambo. Nami nilimtazama Madam kwa macho mengine. Tulikuwa tunamwona akipita na kikombe chake cha chai na kibakuli cha omena, dagaa wa kwao, saa ya chakula, tukadhani kazi yake ni kubadilisha wino wa printa.

"Ninayo namba ya Mama," nilisema. "Kwenye simu yangu. Alinipa mwenyewe, kabla hamjaleta kompyuta."

Tulitoka nje kwenye bomba, kwa sababu dada wa maabara alitaka kusikia kwa masikio yake. Madam alibeba kompyuta yake ndogo mkononi, na ndani yake ripoti ya Kaptagat aliyoinakili kwa ule waya mfupi. Nilipiga, nikaweka sauti kubwa.

"Nani?" Mama aliitika kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde.

"Ni mimi, Mama. Dereva."

"Dereva gani?"

"Wa tanki. Nimetoka kwako sasa hivi."

"Simu yangu imenikatalia ripoti tangu asubuhi, na mtu mmoja alinipigia akasema ni wa kiwanda, anataka neno langu la siri. Nikamwambia amuulize ng'ombe. Sasa wewe nitajuaje?"

Madam aliinua kichwa haraka. "Nani alimpigia?" alininong'oneza. Hakuna aliyejua. Mpaka leo hatujui kama alikuwa mmoja wa wale wa mbali ama karani wetu aliyejaribu kusaidia.

"Mama, hii si sauti yangu?"

"Sauti hata kasuku anayo. Leo nilikupa nini?"

"Mursik, maziwa lala ya kibuyuni."

"Kwa kikombe gani?"

"Hukunipa kikombe. Ulinipa kwa kifuniko cha chupa ya chai."

"Na nikakuambia nini ukinywa?"

Nilitazama watu walionizunguka. "Mama, lazima niseme?"

"Sema ama nikate."

"Uliniambia mwanamume wa umri wangu anayejifulia nguo Huruma ni aibu kwa Rift Valley nzima."

Dada wa maabara alijigeuza upande. Meneja alicheka waziwazi. Madam peke yake hakucheka. Alikuwa ameikazia simu macho kama mtu anayesikiliza kitu alichokuwa akikitafuta.

"Ni wewe," Mama alisema. "Haya. Mnataka nini?"

Madam aliomba simu. "Mama, shikamoo. Mimi ndiye niliyefunga ripoti."

"Ah. Ni wewe."

"Ni mimi, Mama. Pole sana. Ule mfumo ulikuwa na mlango ambao haumuulizi mtu jina."

"Mlango kama huo ukiwa kwangu nitaupasua kuni," Mama alisema. "Wewe umefanya vizuri. Lakini maziwa yangu?"

"Ndiyo maana nimekupigia. Naomba uende kwenye pipa, usome kile kioo kidogo, kipimo kimoja kimoja, tangu jioni mpaka asubuhi. Usome kilichopo."

Kisha Mama akasema polepole, "Stima ilipotea usiku."

Dada wa maabara aliacha kuchezea kalamu yake.

"Jenereta ilikataa mara ya kwanza," Mama aliendelea. "Nikaivuta tena na tena mpaka ikashika. Sijui baridi ilifika wapi. Niliogopa kutazama."

Wakulima wake hawakujua, na sisi tusingejua. Angeweza kutusomea namba yoyote aliyoitaka, akiwa kule msituni peke yake na pipa lake. Madam alijua hilo, nami nilijua. Alimwambia tu, "Twende tutazame pamoja, Mama."

Tulisikia gamubuti zikipita kwenye maji, ndoo ikisogezwa, ng'ombe akilalamika mbali. Kisha Mama akaanza kusoma nyuzi za baridi. Alikuwa anasoma kama watu wanavyosoma maandiko kanisani, taratibu, akipumua kati ya namba na namba. Na kila aliposoma, Madam, kidole chake kikifuata mstari kwenye kompyuta, aliirudia kwa sauti ya chini.

"Nne."

"Nne."

"Nne na nukta mbili."

"Nne na nukta mbili."

Wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana, mmoja ameinama kwenye pipa katikati ya miti, mwingine amesimama kwenye saruji yenye maji na kompyuta mkononi, walikuwa wakitembea pamoja ndani ya usiku uliokwisha kupita, hatua kwa hatua, na kila hatua ilikubaliana. Ikafika pale stima ilipopotea. Namba zikaanza kupanda. Sauti ya Mama ikashuka, ya Madam ikashuka nayo. Dada wa maabara aliinua mkono wake akihesabu kwa vidole nyuzi zilizobaki kufika mpaka unaoruhusiwa, bila kujua anafanya hivyo. Ikapanda tena. Ikapanda tena, ikafika karibu kabisa na mpaka, pale ambapo mtu mwingine angesema basi, mwaga.

Kisha Mama akasoma namba iliyokuwa chini ya ile ya kabla yake.

Madam aliirudia. Walishuka pamoja mpaka alfajiri, namba ya mwisho ikawa sawa kwa wote wawili. Hakuna aliyekuwa amevigusa vipimo vya Kaptagat, si wa ng'ambo wala wa karibu.

"Rudia ile ya juu kabisa," dada wa maabara alisema. Mama aliirudia. "Iko ndani. Kidogo tu, lakini iko ndani." Alichukua chupa yake, akapanda ngazi ya tanki langu na kuteka maziwa, akayapima kwa njia zake zote, akiyatikisa na kuyatazama kwenye mwanga kama anayemchunguza mtoto mwenye homa. Nyuma yangu tanki la Turbo lilikuwa limeshafika na dereva wake alikuwa akiuliza kwa ishara kuna nini.

Alishuka, akapangusa mikono, akafungulia pampu.

Bomba liliruka kidogo kama linavyoruka siku zote, kisha likatulia, na maziwa yakaanza kwenda. Simu ilikuwa bado wazi mkononi mwa Madam. Alikuwa ameweka kiganja cha mkono wa pili juu ya bomba, na usoni mwake niliona kwamba, kwa muda wote aliokaa kiwandani akizipanga namba zetu, hakuwahi kusimama hapa wakati maziwa yakipita.

"Ni baridi," alisema.

"Yanaingia?" Mama aliuliza.

"Yanaingia, Mama."

"Yote?"

Madam alinitazama nijibu. Niliegemea karibu na simu. "Yote, Mama."

"Basi usikate," alisema. "Iweke hapo karibu nisikie."

Madam alipiga magoti kwenye saruji iliyolowa na kuiweka simu juu ya chuma, pale maziwa yanapopiga kelele zaidi, akaishikilia isianguke.